Tarakimu nane: kisa cha kurekebisha matangazo ya wakala wa nyumba

Mwezi Oktoba 2017, mama yangu mdogo anayeishi Sacramento, katika jimbo la California nchini Marekani, alinitumia ujumbe wa sauti ulioingia alfajiri ya Dodoma. Yeye ni wakala wa mauzo ya nyumba mwenye leseni ya jimbo hilo, nami pamoja na mwenzangu tuna ofisi ndogo ya usanifu na uchapaji karibu na soko la Majengo. "Mwanangu," alisema, "kuanzia tarehe 1 Januari kila tangazo langu lazima liwe na namba ya leseni. Ni kazi ndogo, ya siku mbili tatu. Niongezee tu hiyo namba." Nilimjibu, "Shikamoo mama. Haina shida, nitumie mafaili yote." Kazi hiyo ilituchukua wiki saba.

Michoro haikutuchelewesha hata kidogo. Kilichotuchelewesha ni maswali ambayo hatukujua kwamba tungepaswa kuyajibu, na kwa kuwa maswali yale yale yanamhusu kila anayetengeneza vipeperushi vya madalali na wauzaji wa viwanja hapa Dodoma, nimeona ni vema nikiandike kisa chote, pamoja na mahali tulipokosea.

Kwanza, sheria yenyewe. California ilikuwa na sharti la namba ya leseni tangu tarehe 1 Julai 2009, lakini sharti hilo liliyagusa baadhi tu ya maandishi, kama vile kadi za biashara, karatasi za barua na vipeperushi. Matangazo ya magazeti na ya vyombo vya kielektroniki yalisamehewa, na vibao vinavyosimikwa mbele ya nyumba inayouzwa navyo vilisamehewa. Mwaka 2016 bunge la jimbo lilipitisha mswada namba 1650, uliouondoa msamaha huo kuanzia tarehe 1 Januari 2018. Kuanzia hapo, kila kitu kilichokusudiwa kuwa mahali pa kwanza pa kukutana na mteja, kiwe kadi, bango, tangazo la gazeti, la televisheni au la mtandaoni, kibao cha kuuza au kupangisha, hata kibao cha mshale kinachoelekeza njia, kilipaswa kuonyesha jina la mwenye leseni, namba yake, na utambulisho wa wakala mkuu anayewajibika kwa kazi yake. Kule wakala wa mauzo hafanyi kazi peke yake. Huwa chini ya wakala mkuu ambaye ana leseni ya daraja la juu na ambaye hubeba dhima ya kumsimamia, yakiwemo matangazo anayoyatoa. Kanuni iliongeza kwamba namba isichapwe kwa herufi ndogo kuliko herufi ndogo kabisa iliyotumika kwenye tangazo lenyewe.

Namba hiyo ina tarakimu nane, na mtu yeyote, bila kulipa wala kuomba ruhusa, anaweza kuiandika kwenye ukurasa wa mamlaka ya leseni na kuona kama leseni iko hai, mwenye leseni yuko chini ya wakala mkuu gani, na kama amewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu. Mimi, ambaye nimezoea mji ambamo dalali hujulikana kwa namba ya simu iliyoandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya umeme, nilisimama kidogo hapo. Namba ya simu humfikisha mteja kwa dalali, basi. Namba ya leseni humpa mteja uwezo wa kumchunguza dalali kabla hajampigia.

Mama mdogo alituma mafaili sita. Tukayafungua, tukayarekebisha kwa siku moja na nusu, na tungeweza kumrudishia kazi wiki hiyo hiyo kama mwenzangu hangeuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa tangu mwanzo: haya mafaili sita ni vitu vyote anavyovitumia, au ni vile tu alivyovikumbuka? Tulimwomba mama mdogo aache kufikiria kompyuta yake, badala yake afikirie mtu asiyemjua kabisa, akiendesha gari siku ya Jumamosi mtaani kwake. Mtu huyo anaona nini kwanza? Anaona mshale kwenye kona. Kisha anaona kibao mbele ya nyumba, anaingia, anapewa karatasi yenye picha za vyumba, anachukua kadi mezani, na jioni anatuma barua pepe na kujibiwa kwa barua yenye saini. Wiki inayofuata anapokea postikadi sandukuni. Tulipomfuata mtu huyo hatua kwa hatua, mafaili sita yakawa vitu ishirini na tatu, kikiwemo kibandiko cha mlango wa gari na tangazo la nusu ukurasa kwenye jarida la kanisa lake, ambalo alikuwa analilipia kila mwaka bila kulitazama tena.

Mazungumzo hayo yote yalikwenda polepole. Tofauti ya saa kati ya Dodoma na California ni saa kumi wakati wa kiangazi chao, na saa zao zinapobadilishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa saa kumi na moja. Swali tulilolituma asubuhi baada ya chai lilijibiwa usiku tukiwa tumelala. Tukajifunza kuyakusanya maswali ya siku nzima katika ujumbe mmoja.

Ugumu wa kweli ulianzia kwenye vibao vya mishale. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoielewa kazi tuliyopewa. Huko kwao kuna desturi ya siku ya nyumba kutazamwa, ambapo nyumba inayouzwa huachwa wazi kwa saa chache ili yeyote aingie bila miadi, na wakala husimika mishale kwenye kona za barabara kuanzia asubuhi. Mishale ya mama mdogo ilikuwa na maneno mawili makubwa, jina lake, na picha yake akitabasamu. Sasa rudi kwenye kanuni ya herufi. Kwenye karatasi ya picha za nyumba, herufi ndogo kabisa ilikuwa ya pointi 5, ile ya kumtambua mpiga picha, kwa hiyo kisheria tungeweza kuidogosha namba ya leseni mpaka mzee mwenye miwani asiione. Kwenye mshale mambo yalikuwa kinyume chake. Herufi zote za mshale ni kubwa, kwa kuwa zinasomwa na mtu aliye ndani ya gari linalotembea, na hivyo herufi ndogo kabisa ya mshale ilikuwa na urefu wa zaidi ya inchi mbili. Tarakimu nane za ukubwa huo, pamoja na jina la wakala mkuu kwa ukubwa unaolingana nao, zilikimeza kibao kizima. Tulijaribu mara nne. Kila mara tulipata kibao kilichotimiza sheria lakini hakimwonyeshi mtu njia.

Jibu lilikuwa ndani ya sheria yenyewe, kwenye kifungu tulichokuwa tumekipita haraka. Vibao vya kuuza, vya kupangisha, vya siku ya kutazama na vya kuelekeza njia havihitaji namba ikiwa vinaonyesha utambulisho wa wakala mkuu peke yake bila kumtaja wakala wa mauzo, au ikiwa havina utambulisho wa mwenye leseni yeyote. Kwa maneno mengine, sheria haidai namba kwa sababu tu kuna kibao. Inadai namba pale ambapo kuna mtu anayejitaja ili aaminiwe. Mshale usiomtaja mtu unaonyesha njia tu, nao hauna wa kuthibitishwa.

Tulimwandikia mama mdogo kwamba tunashauri jina na picha yake viondolewe kwenye mishale yote. Alipiga simu siku hiyo hiyo, na kwake ilikuwa saa tisa za usiku. "Mwanangu, sura yangu ndiyo inayoniuzia. Watu wa huku wananijua kwa sura." Nikamwambia, "Mama, ni kweli, na sura yako itabaki kwenye kibao cha mbele ya nyumba, ambako mtu amesimama na ana muda wa kusoma namba. Pale kona anataka kujua akate kushoto au kulia tu." Alikaa kimya, akasema atalala nalo. Kesho yake alikubali. Nakiri kwamba lile ombi lake la kwanza, la kuongeza namba tu, lilikuwa limetufunga macho, kwa sababu mtu aliyeambiwa aongeze hafikirii kwamba suluhisho linaweza kuwa kupunguza.

Kwenye vitu vingine tuliyatupa pia yale mazoea ya kutafuta ukubwa mdogo unaoruhusiwa. Namba ya leseni tuliiweka mstari mmoja na namba ya simu, kwa ukubwa ule ule. Sheria ilituruhusu pointi 5, lakini lengo la namba ni isomwe, na mtu anayetaka kumpigia wakala ndiye huyo huyo anayepaswa kuweza kumchunguza. Kalamu alizogawa bure nazo tuliziwekea namba bila kubishana kama kalamu ni tangazo au si tangazo, kwa kuwa zilikuwa na jina lake na simu yake.

Suala la jina la kikundi halikutuchukua muda mrefu. Mama mdogo anafanya kazi na mawakala wengine wawili kwa jina moja la kikundi, na nembo ya kikundi ilikuwa kubwa huku jina la wakala mkuu likiwa limefichwa chini kwa rangi ya kijivu. Sheria ya California inataka utambulisho wa wakala mkuu uonekane kwa uwazi sawa na jina la kikundi. Hilo halikuwa sharti jipya. Walikuwa wamelikosea siku zote, nasi tukalirekebisha kwa kuwa tulikuwa tumeshalifungua faili.

Kosa letu wenyewe lilitokea kwenye postikadi. Kikundi hutuma postikadi mitaa mingi, kila wakala na mitaa yake, kwa hiyo majina, simu na namba za leseni huchukuliwa kwenye jedwali la kompyuta na kuingizwa kwenye mchoro mmoja. Tuliandaa jedwali hilo hapa Dodoma. Namba za leseni za wote watatu zilianza na sifuri, na programu ya majedwali ikiona sifuri mwanzoni mwa namba huitupa, kwa sababu inadhani inahesabu kiasi. Namba zote tatu zikabaki na tarakimu saba. Sisi wawili tulizitazama nakala za majaribio zaidi ya mara moja na hatukuona kitu, maana jicho linaloangalia mpangilio, rangi na nafasi halihesabu tarakimu.

Aliyegundua ni wakala mkuu. Alichukua nakala ya postikadi, akaisoma namba kama ilivyochapwa, akaiandika kwenye ukurasa wa umma wa kutafutia leseni, na hakupata leseni ya yeyote kati ya wale watatu. Barua yake kwetu ilikuwa ya mistari miwili na ya adabu, nami niliona aibu kwa siku kadhaa, kwa sababu kama postikadi zile zingetoka, mteja mwangalifu angefanya kile kile alichokifanya yeye na angeamini kwamba mama yangu mdogo ni tapeli. Tangu siku hiyo tuna utaratibu ambao hatujauacha. Namba yoyote ya utambulisho tunaiweka kwenye jedwali kama maandishi, si kama kiasi. Kisha, kazi ikiisha, mtu ambaye hakuitengeneza anaisoma namba kutoka kwenye faili la mwisho linalokwenda kuchapwa, si kutoka kwenye karatasi ya mteja, na anaitafuta mahali ambapo umma unaitafuta. Jina likitokea lile linalotakiwa, anasaini. Lisipotokea, kazi inarudi.

Ilikuwa imebaki mada moja, nayo ilitugusa kwa namna ya pekee sisi watu wa Dodoma. Mamlaka ya leseni za nyumba ya California ilikuwa idara kwa miaka mingi, ikashushwa kuwa ofisi ndani ya idara nyingine tarehe 1 Julai 2013, na mawakala wengi wakawa wanaandika CalBRE, kifupisho cha jina la ofisi hiyo kwa Kiingereza (California Bureau of Real Estate), mbele ya namba zao. Nasi tukakiweka kifupisho hicho kila mahali. Katikati ya Novemba mwenzangu, akisoma habari za mamlaka hiyo kwa ajili ya jambo jingine, alikuta kwamba sheria iliyokwisha kupitishwa mwaka huo huo ingeirudisha ofisi hiyo kuwa idara kuanzia tarehe 1 Julai 2018. Tulikuwa karibu kuchapa maelfu ya karatasi ambazo zingetimiza sheria ya Januari na kubeba jina la zamani ifikapo Julai.

Hatukuhitaji kuambiwa na mtu jinsi jambo hilo linavyouma. Mwezi Mei mwaka huo, Rais John Magufuli alikuwa ameivunja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwepo tangu 1973, na kazi zake zikahamishiwa Manispaa ya Dodoma. Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kuhamia hapa, watumishi wanatafuta nyumba Area C na viwanja Iyumbu, na ofisini kwetu palikuwa na boksi zima la vipeperushi vya mteja mmoja vyenye maneno makubwa "Viwanja vyenye hati ya CDA". Boksi hilo liliishia kufungia karanga sokoni. Kwa hiyo tulipoona habari ya Julai tulisimamisha uchapaji, tukamwambia mama mdogo achape kadi za kutosha miezi sita tu, na kwenye vibao vya bati, ambavyo hukaa miaka, jina, namba na kifupisho cha ofisi tukavihamishia kwenye ukanda mwembamba unaofungwa kwa skrubu chini ya kibao. Mabadiliko yakija, unabadilishwa ukanda na kibao kinabaki. Julai ilipofika alibadilisha kanda kumi na mbili kwa jioni moja, akisaidiwa na shemeji yangu.

Mwaka uliofuata somo hilo lilitufuata nyumbani. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ya Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa Jiji, na vipeperushi vya viwanja vilivyotaja Manispaa vikachakaa kwa siku moja, kama vile vya CDA vilivyochakaa mwaka mmoja kabla. Baada ya hapo alikuja mzee mmoja, mstaafu wa serikali, ambaye familia yake ilikuwa imepima shamba lao upande wa Nala na ilitaka kuuza viwanja. Alitaka kipeperushi chenye maneno matatu: viwanja, hati, bei. "Wanangu, watu wa siku hizi hawasomi. Andikeni hati ipo, na simu yangu, yatosha."

Hakuna aliyemdai mzee namba ya leseni. Lakini tulimwuliza swali lile lile la mtu asiyemjua: mwalimu aliyehamishiwa Dodoma kutoka Mtwara, ameokota kipeperushi hiki kituo cha mabasi, atathibitisha kitu gani kabla hajapanda bodaboda kuja kwako? Mzee alifikiri, akasema atampigia simu. Tukasema simu itamfikisha kwako, baba, haitamwambia kama kiwanja kipo. Hapo ndipo alipotutolea karatasi zote mezani, na ikaonekana kwamba neno "hati" lilikuwa limebeba mambo manne tofauti. Kulikuwa na ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa kwa eneo lote. Kulikuwa na viwanja vilivyokwisha kupimwa na kuwekewa bikoni, vyenye ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Kulikuwa na vichache ambavyo hati yake ilikuwa imetoka kwa jina la familia. Na kulikuwa na upande mmoja wa shamba ambao upimaji ulikuwa haujakamilika kabisa. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, hivyo anachokinunua mwalimu ni milki ya muda fulani, miaka 33, 66 au 99, kwa matumizi yaliyotajwa kwenye hati, na kila moja kati ya zile hatua nne ina bei yake na hatari yake. Kuziita zote "hati ipo" si uongo wa makusudi, lakini ndivyo milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja kudaiwa na wamiliki zaidi ya mmoja, na ugomvi wa viwanja unavyoanza, nami nimewaona watu wazima wakilia kwenye korido za ofisi za ardhi kwa neno hilo hilo.

Kipeperushi tulichokitoa kilikuwa na orodha fupi: namba ya kiwanja, kitalu, namba ya ramani ya upimaji, ukubwa kwa mita za mraba, matumizi, na mbele ya kila kiwanja neno linaloeleza kilipofikia, yaani "hati imetoka" au "kimepimwa, hati inaandaliwa". Upande ambao haujapimwa haukutajwa. Tulitaja pia kwamba muuzaji ni familia yenyewe wala si dalali, kwa sababu anayesoma ana haki ya kujua nani anazungumza naye. Jina la ofisi ya ardhi hatukuliweka popote. Ofisi inaweza kubadilishwa jina, lakini namba ya kiwanja na namba ya ramani ya upimaji ndizo zitakazotafutwa kwenye kumbukumbu, ofisi iwe inaitwa vyovyote. Na namba hizo zote zilisomwa kutoka kwenye faili la mwisho na mtu ambaye hakuzichapa, akizilinganisha na ramani yenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Mzee hakufurahi sana siku ya kwanza. Alisema kipeperushi kinafanana na karatasi ya mtihani. Baada ya mwezi na kitu alirudi kuchapisha vingine, na safari hii alikuja na nakala moja iliyokunjwakunjwa, ambayo mnunuzi wake wa kwanza aliitumia. Ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu chini ya namba ya kiwanja na chini ya namba ya ramani, na pembeni mnunuzi alikuwa ameandika tarehe aliyokwenda ofisi ya ardhi kuulizia, kisha neno moja: "Sawa."